Fainali ya Jumapili: Dada wa M-Pesa Atamlaza Jamaa wa Boda, na Si Bahati

Wacha niseme mapema, ndio msije mkasema nilingoja matokeo. Jumapili hii, tarehe 25 Mei 2025, kombe la ligi yetu ya Fantasy linabaki na Dada wa M-Pesa. Jamaa wa Boda atasumbua, atatupa presha kipindi cha kwanza, lakini ikifika saa mbili usiku hesabu itakuwa imefungwa.

Sitataja majina yao. Kama uko Merti unawajua wote wawili. Kama hauko Merti, majina hayatakusaidia kitu. Mmoja anakutolea pesa, mwingine anakupeleka nyumbani. Inatosha.

Najua pia kuna wasee washakasirika kabla ya kusoma aya ya tatu. Kuna wanaoamini msichana hawezi kufika fainali ya mambo ya mpira bila mtu kumshikia simu. Nitawafikia. Tuanze na mpira kwanza, sababu mpira ndio umewafikisha hawa wawili hapa.

Kwa wageni, haraka haraka

Fantasy Premier League ni ligi ya kubuni inayotembea juu ya ligi ya kweli. Ilianza 2002, na msimu huu ina mameneja zaidi ya milioni 11 duniani. Unapewa pauni milioni 100 za kwenye skrini, unanunua wachezaji 15, na kutoka klabu moja hauwezi kuchukua zaidi ya watatu. Wakicheza vizuri Uingereza, wewe unapata pointi hapa. Kiungo akifunga ni pointi 5, mshambuliaji 4, beki 6. Pasi ya bao ni 3. Beki au kipa akimaliza bila kufungwa ni 4. Aliyecheza dakika 60 kwenda juu ana 2 zake mfukoni. Kapteni wako anahesabiwa mara mbili. Ukibadilisha wachezaji kupita kiwango ulichopewa, kila transfa ya ziada inakukata pointi 4.

Hakuna pesa ya kuingia. Unahitaji simu, bando kidogo, na kichwa.

Sasa ligi ya kawaida ni mbio ndefu ya wiki 38. Kombe ni kitu kingine. Kombe ni ana kwa ana, mtoano, wiki moja ukiteleza uko nje. Tulianza watu 32 wiki ya 34. Wakabaki 16, wakabaki 8, wakabaki 4. Sasa ni wiki ya 38, ya mwisho, na wamebaki wawili.

Na hii wiki ya mwisho si ya mchezo. Mechi zote kumi zinaanza pamoja saa kumi na mbili jioni kwa saa zetu. Timu zinafungwa dakika 90 kabla, yaani saa kumi na nusu. Baada ya hapo hakuna kugusa kitu, hata mchezaji wako akivunjika mguu akishuka basi. Na kwa sababu zote zinaanza pamoja, hakuna ile raha ya kusema "bado nina mtu wangu wa Jumatatu." Ni dakika 90 tu, na adhana ya magharibi itatukuta katikati ya kipindi cha kwanza. Ukirudi kutoka msikitini unaweza kupata fainali imepinduka.

Watu wawili, damu mbili

Jamaa wa Boda anacheza kama anavyoendesha. Akiona nafasi anaingia, mengine atayajua mbele. Nusu fainali alikubali kukatwa pointi 8 kwa transfa mbili za ziada, na bado akapita. Watu walimcheka Ijumaa, Jumanne usiku wakanyamaza. Huwezi kumdharau mtu kama huyo. Kwenye mtoano, mwoga mara nyingi anatoka mapema.

Dada wa M-Pesa ni kinyume chake. Anacheza kama wazee wa dedha. Kama haujui dedha, uliza babu yako: ni baraza la malisho la Waborana wa huku Waso, wanaoamua mifugo italisha wapi na lini. Kazi yao ngumu zaidi ni kusema hapana. Mvua ikiwa imenyesha na nyasi ziko kila mahali, kila mtu anataka kwenda popote, na wao wanasema ile sehemu ya kiangazi isiguswe. Wanalaumiwa. Halafu kiangazi kinafika, na wewe uliyekuwa unalaumu ndiye wa kwanza kupeleka ng'ombe huko.

Msimu huu sheria zilibadilika, ukakubaliwa kuweka akiba ya transfa hadi tano. Wengi wetu tulikuwa tunaitumia kila wiki kama mtu aliyeokota noti barabarani. Yeye anaweka. Na kuna jambo kubwa zaidi: kila meneja anapewa chipu za kutumia msimu mzima, na moja ni ile ya benchi, ambapo wachezaji wako wote 15 wanahesabiwa badala ya 11. Ingieni kwenye ukurasa wake, iko wazi kwa kila mtu, mwangalie historia. Wengi wetu tulichoma hiyo chipu kitambo. Jamaa wa Boda ameichoma. Dada bado anayo.

Yaani Jumapili ni watu 15 dhidi ya 11. Fikiria hivyo kabla haujaniambia habari ya bahati.

Timu zenyewe

Kanuni ya kwanza ya ana kwa ana, na hii watu wengi hawaielewi: mchezaji mliye naye wote wawili ni kama hayupo. Salah wako kwao wote. Mbeumo yuko kwao wote. Bowen yuko kwao wote. Bowen akifunga mabao matatu kule Ipswich, mtapiga kelele vidioni na haitabadilisha kitu. Fainali iko kwa wale wasiofanana.

Kwa Boda, wasiofanana ni hawa: Haaland, Marmoush na Gvardiol, wote wa Manchester City. Halafu Isak wa Newcastle na Semenyo wa Bournemouth.

Ni kikosi cha kutisha ukikisoma kwa jina. Lakini soma kwa hali. City wanaenda Fulham wakiwa na pointi 68, na sare karibu inawatosha kwenda Ligi ya Mabingwa. Timu inayotosheka na sare haikimbilii kufunga mabao manne. Haaland aliumia kifundo mwisho wa Machi, na tangu arudi uwanjani hajafunga: si kwa Southampton, si kwa fainali ya Kombe la FA ambayo Crystal Palace waliwalaza 1-0 Wembley, si Jumanne kwa Bournemouth. Ni Haaland, sawa, anaweza kuamka wakati wowote. Ila kumtegemea ni kama kungoja mvua ya Aprili: kawaida inakuja, na mwaka ambao haikuji ndio unaoumia.

Isak ni shida nyingine. Ana mabao 23 ya ligi, hatari kabisa, na Newcastle wanacheza nyumbani na Everton wakihitaji ushindi. Lakini Jumapili iliyopita dhidi ya Arsenal hakucheza, nyonga ilikuwa inamsumbua. Asipoanza, anayeingia ni mtu wa benchi la Boda. Na benchi la Boda, kusema ukweli, ni la kuokoteza. Ukiwa na Salah na Haaland pamoja, washakula zaidi ya robo ya bajeti yako wawili peke yao. Waliobaki unanunua kwa chenji.

Mtu wake ninayemuogopa ni Semenyo. Bournemouth nyumbani dhidi ya Leicester ambao washashuka, na Vardy mwenyewe alishaaga mashabiki wiki iliyopita. Mechi kama hiyo inaweza kufunguka vibaya sana. Kama Boda atashinda hili kombe, usishangae kama ni Semenyo ndiye alilibeba.

Sasa Dada. Wasiofanana wake ni Palmer wa Chelsea, Wissa wa Brentford, Watkins wa Aston Villa, na nyuma ana kipa Sels na beki Milenkovic, wote wa Nottingham Forest. Benchini, ambako Jumapili ni uwanjani, ana Flekken wa Brentford, Kerkez wa Bournemouth na Wan-Bissaka wa West Ham. Wa nne hana uhakika wa kucheza, sitamhesabu.

Wissa ana mabao 19 msimu huu, sawa kabisa na Mbeumo mwenzake. Kwa hivyo Brentford wakifunga kule kwa Wolves, mara nyingi ni mmoja wa hao wawili, na Dada anao wote. Boda ana mmoja. Watkins anaenda Old Trafford kukutana na Manchester United waliopoteza fainali ya Europa jana usiku kule Bilbao, 1-0 kwa Tottenham. United hawana cha kupigania tena. Villa wana pointi 66 na wanahitaji kila kitu. Hiyo ndiyo aina ya mechi unayotaka mshambuliaji wako awe.

Kerkez na Wan-Bissaka wote wanacheza na timu zilizoshuka. Hata mmoja akimaliza bila kufungwa, hizo ni pointi 6 kutoka kwa mtu ambaye kwa wiki nyingine angekuwa amekaa tu akinywa maji.

Tatizo lake moja

Simpambi mtu. Timu ya Dada ina ufa, na Boda akiwa mjanja ashauona.

Forest wanacheza na Chelsea. Moja kwa moja, mechi kubwa ya siku: Chelsea pointi 66, Forest 65, anayeshinda anajiweka pazuri kwa Ligi ya Mabingwa. Na Dada ana Palmer upande mmoja, Sels na Milenkovic upande wa pili. Hesabu ni rahisi. Palmer akifunga bao moja, anampa 5. Lakini hilo hilo bao linamnyima Sels 4 na Milenkovic 4. Amepata 5 kwa kupoteza 8. Ni kama kuuza mbuzi wako sokoni Isiolo halafu nauli ya kurudi inakula bei ya mbuzi na kamba yake.

Mimi ningekuwa yeye, Milenkovic angeondoka leo. Transfa za akiba anazo. Beki yeyote wa Arsenal mwenye uhakika wa kucheza anafaa, kwa sababu wanaenda kwa Southampton, ile timu iliyoshuka mechi saba zikiwa bado, jambo ambalo halijawahi kutokea Premier League, na ambayo ina pointi 12 tu msimu mzima. Abaki na Sels na Palmer, hapo hata Palmer akifunga, kidonda ni kidogo.

Na Palmer mwenyewe? Penalti yake dhidi ya Liverpool tarehe 4 Mei ilimaliza ukame uliokuwa umeanza Januari. Chelsea wana fainali ya Conference League Jumatano ijayo dhidi ya Betis, lakini sioni kocha akimpumzisha mtu kwa mechi inayoamua msimu. Atacheza.

Kitambaa: Salah au nani?

Hapa ndipo fainali itaamuliwa.

Salah ana mabao 28 na pasi za mabao 18 msimu huu. Akigusa goli moja tu Jumapili, kufunga au kutengeneza, anafika 47, rekodi ya Andy Cole na Alan Shearer, na wao waliiweka wakati msimu ulikuwa na mechi 42. Anacheza Anfield, dhidi ya Palace walioshiba kombe lao la FA, siku ambayo Liverpool wanakabidhiwa taji. Kila kitu kinasema mpe kitambaa.

Lakini. Liverpool tangu wachukue ubingwa tarehe 27 Aprili kwa kuichapa Tottenham 5-1, hawajashinda mechi. Walilala 3-1 kwa Chelsea, wakatoka 2-2 na Arsenal, wakalala 3-2 kwa Brighton. Salah hajafunga tangu ile siku ya Tottenham. Ubingwa ukishaingia kabatini, miguu inakuwa mizito.

Kwa hivyo watu kikundini wanabishana: Salah ama si Salah? Mimi nasema swali limeulizwa vibaya. Swali si nani atafunga. Swali ni wewe uko mbele au uko nyuma?

Mimi niliacha chuo, sina digrii ya hesabu, lakini hii haihitaji digrii. Dada yuko mbele kwa sababu ya chipu ya benchi. Mtu aliye mbele anataka mechi ifanane, apunguze maajabu. Kwa hivyo kitambaa chake kinaenda kwa Salah bila kufikiria mara mbili. Boda naye akimpa Salah, wamefutana, na sasa anabaki kutafuta njia ya kuwashinda watu 15 kwa watu 11. Huko ni kukubali kufungwa polepole.

Boda lazima atofautiane. Ampe Haaland. Angalia inavyokaa: Dada akiwa na kapteni Salah, anapata Salah mmoja zaidi ya Boda. Boda akiwa na kapteni Haaland, anapata Haaland wawili ambao Dada hana hata mmoja. Salah akilala na Haaland akiamka na mabao mawili, hiyo chipu ya benchi imezimwa. Ni kamari, ndio, lakini kwa aliye nyuma, kukaa salama ndio hatari kubwa kuliko zote.

Na ninamjua Boda. Atampa Haaland. Hata bila hesabu yangu, damu yake itampeleka huko.

Wakitoka sare, sheria ya kombe inaangalia kwanza nani wachezaji wake walifunga mabao mengi wiki hiyo, halafu nani walifungwa machache, halafu ndio kompyuta inarusha sarafu. Mabao mengi yanampendelea Boda na City yake. Kwa hivyo Dada asifikirie sare itamwokoa.

Sasa ile maneno ya kaka yake

Tangu robo fainali kuna maneno yanazunguka: ati si yeye anachagua timu, ni kaka yake. Yanasemwa kwa utani, kwa stika, kwa vile vicheko vya pembeni. Tuyaweke mezani tuyapime.

Kaka yake yuko kwenye ligi hii hii. Alitolewa raundi ya kwanza. Kwenye msimamo wa jumla mnajua mahali yuko, sitaki kumwaibisha. Sasa nielezeni: huyu kaka ana akili ya kufikisha timu ya dada yake fainali, na hiyo akili anaizima akifika kwa timu yake mwenyewe? Ni upendo wa aina gani huo?

Jambo la pili. Kila Ijumaa jioni, kabla timu kufungwa, huwa anaandika kikundini anachofanya na kwa nini. Kabla, si baada. Sisi wengine tunaeleza ujanja wetu Jumatatu baada ya kuona matokeo. Mtu anayeeleza kabla ni mtu anayejua anachofanya, akikosea mnamwona, akipatia mnamwona.

Jambo la tatu ndilo linaloniuma. Vidioni kwetu, Jumapili jioni, ni viti vya wanaume. Hakuna tangazo limebandikwa mlangoni, lakini kila mtu anajua. Yeye hajawahi kukaa pale. Anafuata mechi kwenye simu akiwa nyuma ya kaunta, kati ya mteja na mteja. Mpira wa uwanjani unauliza una mwili gani, unatoka ukoo gani, unakubaliwa kukaa wapi. Hii ligi ya kubuni inauliza swali moja: ulichagua nani? Ndio maana mimi sikubali mtu aniambie ni upuzi wa watoto kwa simu. Ni mahali pachache sana hapa mtaani ambapo msichana na jamaa wa boda wanapimwa kwa mizani moja, na mizani yenyewe iko Uingereza, haiwezi kuhongwa wala kuambiwa "huyu ni wetu."

Mkimchukulia hiyo pia, mmempokonya kiti kingine tena.

Na ile ya dau

Jana mtu akaleta wazo: tuchange dau, kila mtu aweke pesa upande wake, na pesa zishikwe wapi? Kwa M-Pesa ya Dada! Ati ni rahisi, yeye ni ajenti tayari.

Hapana. Hapana kabisa.

Nyinyi mmeona nchi iko wapi. Tarehe 29 Aprili bodi ya kamari, BCLB, ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, redio, TV, mitandao, kila mahali. Serikali yetu haizimi kitu kinachoiletea ushuru kwa furaha tu. Ilifanya hivyo kwa sababu kila nyumba ina mtu anajua maana yake. Sitahubiri habari ya dini, madrasa tulienda wote, mnajua kamari inaitwaje.

Hoja yangu ni ya kawaida zaidi. Duka la M-Pesa linasimama kwa vitu viwili: float na jina. Float ikiisha, unaweza kukopa kwa mtu ukarudisha kesho. Jina likiisha, hakuna mahali linakopeshwa. Sasa mnataka mtu aliye ndani ya fainali ndiye ashike pesa za fainali. Akishinda, mtasema alipanga. Akishindwa na pesa zichelewe hata saa moja, mtasema amekula. Kwa vyovyote vile, Jumatatu asubuhi yeye ndiye anafungua duka akiwa na doa, na mmoja wenu anaenda kutoa pesa kwa duka lingine.

Na Jamaa wa Boda pia mnamuumiza. Mtu anayecheza kwa damu namna hiyo, mkimwekea pesa mbele, ataweka pesa ya petroli. Akishindwa, Jumatatu pikipiki imelala. Sasa hivi akishindwa anapoteza nini? Anachekwa wiki moja, ananunulia kikundi chai, msimu ujao Agosti anaanza upya. Hiyo ndiyo bei sawa ya mchezo.

Zawadi yetu ni jezi. Jezi inatosha. Ligi yetu imedumu kwa sababu hakuna mtu amewahi kudaiwa kwa ajili yake. Tazama vikundi vingine vilivyoanza na "shilingi mia tu kila mtu," na uniambie kama watu bado wanasalimiana.

Kama pesa inawawasha mfukoni, nunueni bando mwenye hana afuate fainali. Mtandao wetu ukiamua kulala Jumapili saa kumi na mbili, tutahitaji kila bando iliyopo.

Utabiri

Haya, kalamu chini.

Nasema Boda ataongoza wakati wa mapumziko. City huwa wanaanza haraka, Semenyo atakuwa ameshafanya kitu kule Bournemouth, na vidioni mtakuwa mmepanda juu ya viti. Kipindi cha pili ndio hesabu ya Dada itaanza kuongea pole pole: dakika 60 za Kerkez, dakika 60 za Wan-Bissaka, 2 hapa, 4 pale, Wissa anafunga, Watkins anapata kitu Old Trafford. Salah atagusa goli moja, siku ya taji haiwezi kupita bure, na hilo goli litahesabiwa mara mbili upande mmoja tu.

Dada wa M-Pesa, kwa pointi kati ya 5 na 10. Akimtoa Milenkovic, karibu na 10. Akimwacha, ataomba dua dakika za mwisho.

Kitu kinachoweza kunikosoa ni kimoja: Haaland na kitambaa. Mabao mawili ya yule Mnorwei na haya yote niliyoandika mtanisomea kwa sauti mpaka Agosti. Sawa. Lakini hata hivyo ikitokea, itakuwa Boda amemshinda meneja. Hatakuwa ameshinda kaka ya mtu.

Timu zinafungwa Jumapili saa kumi na nusu jioni. Boda, kabla ya hapo hakikisha habari ya Isak. Dada, Milenkovic auzwe. Nyinyi wengine, wekeni pesa zenu mfukoni, na yeyote atakayenyanyua kombe, mpongezeni kwa jina lake.